Kuku Aliyetaga kwa Jirani

Katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi nilimozaliwa, huko Kambove, mwendo wa kilomita 25 hivi kutoka Likasi, palikuwa na desturi ambayo hakuna aliyepata kuiandika wala kuifundisha, walakini kila mtu aliishika: aingiaye barazani jioni hakuanza na habari kubwa. Hata angalikuwa ameachishwa kazi asubuhi ile, hata angalikuwa na barua ya mahakama mfukoni, ilimpasa kwanza aketi, aulizwe za nyumbani, ajibu kuwa ni njema, apokee karanga kiganjani, kisha amsikilize msemaji aliyemkuta akisema, naye aghalabu alikuwa akieleza jambo lisilo na uzani hata wa nyoya: mbuzi aliyekula kitambaa cha meza siku ya arusi, au fundi baiskeli aliyejisahau akaifungua baiskeli yake mwenyewe na kujidai ujira. Jambo la mgeni lilitoka baadaye sana, makaa ya mbabula, jiko letu la makaa, yalipokwisha kuvikwa majivu, nalo lilitoka kwa sauti ya chini, likapita katikati ya mbuzi na baiskeli kana kwamba ni jamaa yao.

Sisi wa Katanga mahali pale twapaita barza. Babu yangu, ambaye kwa desturi ya kwetu tulimwita nkambo, alikuwa mtu wa Kasongo katika Maniema, mwenye kofia na tasbihi, na alipokuja Kambove kutafuta kazi aliikuta reli imekwisha kuwasili tangu mwaka 1913, miaka mitatu baada ya kufika Elisabethville, na vilima vyenye mawe ya kijani vimekwisha kupasuliwa na kampuni ya Union Minière. Alidai, na sina wa kunithibitishia wala wa kunikanushia, kwamba katika furushi lake alibeba vitu vitatu tu, yaani mswala, kisu, na neno baraza. Wabelgiji nao walilisikia neno hilo likitumika, wakalitia katika Kifaransa chao, hata leo msemaji wa Kifaransa katika Kongo akisema barza hukusudia ukumbi wa mbele ya nyumba, pengine bila kujua kwamba neno limetoka pwani ya Bahari ya Hindi, likavuka ziwa, likapanda mlima pamoja na wapagazi. Nkambo alikuwa akicheka kila alipoyakumbuka haya. Alisema: shaba wamechukua, na kibaraza pia wamechukua.

Barza yetu ilikuwa ya saruji, upana wake hatua mbili, na juu yake bati lililolia mvua ya Novemba ikianza. Wazee walikalia viti vya mbao, vijana walikalia ukingo, na katikati palikuwa na ubao wa dama wenye vizibo vya bia ya Simba kuwa kete, huyu akivilaza vyake chali na yule kifudifudi. Wanawake walikuwa na mkutano wao penye bomba la maji, na naungama kwamba habari za pale zilikuwa za upesi na za uhakika kuliko zetu, kwa kuwa mwanamke aliyesimama kwenye foleni na ndoo hana wakati wa kupamba hadithi. Mama yangu alikuwa akisikiliza kwa subira nzima yale tuliyoyakuza sisi jioni nzima, kisha akatusahihisha kwa maneno manne akiwa anageuza bukari, yaani ugali.

Habari rasmi hatukuzikosa. Kulikuwa na king'ora cha mgodi, kilichotwambia lini kuamka na lini zamu imebadilika, na ambacho kikilia saa isiyo yake kiliwatoa wanawake nyumbani wakiwa na unga mikononi. Kulikuwa na gazeti la kampuni, Mwana Shaba, lililoanza kutoka mwaka 1957, mwaka ule ule niliozaliwa mimi, na ambalo baba alilileta nyumbani likiwa limekunjwa kwa heshima kama hati ya ndoa. Humo tuliona picha za maarusi, za wachezaji mpira, za wafanyakazi waliopewa nishani kwa miaka yao ya utumishi. Nilijifunza kusoma Kifaransa kwa kufuata maandishi ya chini ya picha hizo. Lakini gazeti liliposema kwamba arusi ya fulani ilifana, barza ilijua nguo za bibi arusi zilikuwa za kuazima, aliyeazima nani, na lini zilirudishwa zikiwa na doa la mchuzi. Habari zote mbili zilikuwa za kweli; ila ile ya pili ndiyo iliyotufanya tumpende bibi arusi.

Ukweli wenyewe haukuhesabiwa kuwa sharti la kwanza. Baba yangu alishikilia hadi kufa kwake kwamba mwaka 1952 alikuwapo katika mtaa wa Jadotville, ndilo jina la Likasi zamani zile, siku Mzungu Hugh Tracey alipokuja na mitambo yake ya kunasa sauti akamkuta kijana Jean Bosco Mwenda na gitaa lake, akaurekodi wimbo wa Masanga uliomfanya yule kijana ajulikane mbali na kwao. Kila mwanamume wa rika la baba alikuwapo siku hiyo. Lau wote waliodai kuwapo wangalikuwapo kweli, mtaa ule usingalipitika, wala mitambo isingalisikia gitaa kwa wingi wa pumzi. Hata hivyo hakuna aliyemkatiza mwenziwe, kwa maana waliijua adabu ambayo mimi nilichelewa mno kuijua, kwamba mtu asimuliapo mahali aliposimama siku fulani, mara nyingi anakuonyesha mahali ambapo angependa kuwa amesimama.

Nilikuwa na umri wa miaka 17 Kombe la Dunia la 1974 lilipofika. Timu ya Zaire, Chui wetu, ilikuwa ya kwanza katika Afrika ya kusini mwa Sahara kucheza huko, na safari ilianza kwa ngoma ikaishia kwa aibu: Scotland walitufunga mawili, Yugoslavia tisa, na tarehe 22 Juni Brazil wakatufunga matatu. Katika mchezo huo wa mwisho Brazil walipewa mpira wa adhabu, wakawa wanaupanga, na ghafla Mwepu Ilunga, mlinzi wa Mazembe ya Lubumbashi, mtu wa kwetu kabisa, akachomoka katika ukuta wa wachezaji akaupiga mpira mbali, kabla Mbrazili hajaugusa. Ulimwengu mzima ulicheka. Ilisemwa kwamba Waafrika hawa hawajui hata kanuni za mchezo waliokuja kuucheza, na kicheko hicho kiliendelea miaka mingi kila picha zile zilipoonyeshwa tena.

Kwenye barza yetu palikuwa na mzee mmoja aliyekuwa kapita wa zamani, yaani msimamizi wa wafanyakazi, mtu wa maneno machache, ambaye dama aliicheza kama anayehesabu mishahara. Vijana walipokuwa wakibishana juu ya tendo la Mwepu, huyu akisema ni ujinga, yule akisema ni hasira, mzee aliinua kizibo, akakiweka chini, akasema bila kumtazama mtu: "Ule mutoto anayua sheria ya mupira. Iko sheria ingine anaogopa." Kimya kilipita. Kisha mtu akasema kwamba karanga za leo zimezidi chumvi, na wote wakaafikiana upesi kwamba ndiyo, zimezidi.

Msomaji aliyezaliwa baada ya zama zile huenda asielewe ni hatari gani iliyobebwa na maneno yale kumi. Rais hakutajwa ila kwa sifa. Chama kilikuwa kimoja na kila mtu alikuwa mwanachama tangu tumboni mwa mama. Hata ukutani palikuwa na masikio. Miaka mingi baadaye Mwepu mwenyewe aliwaeleza waandishi wa habari kwamba baada ya kile kipigo cha mabao tisa walitumiwa onyo la rais, kwamba wakifungwa na Brazil zaidi ya mabao matatu wasitarajie kurudi kwao salama, na kwamba tendo lile alilifanya kwa makusudi. Mzee wetu hakuwa na mwandishi wa kumwambia. Alikuwa na ubao wa dama, na alikuwa amekaa miaka 30 chini ya mabwana, akimtambua mtu aogopaye hata kwa kutazama kisogo chake. Watu wa Kinshasa wana jina la namna hii ya kupashana habari, huiita radio trottoir, redio ya kando ya njia. Nami siku hizi nikisikia wasomi wakiieleza kana kwamba ni redio kweli, yenye mtangazaji na msikilizaji, nakumbuka zile karanga. Habari kuu ya jioni ile ilidumu nukta chache, na kazi ya chumvi ilikuwa kuifunika.

Mwaka 1978 nilikwenda Ujiji kwa ndugu wa nkambo, na kwa miaka minane nilikaa Kigoma na Dar es Salaam nikifundisha na kuandika barua za watu. Huko nilikipata Kiswahili hiki niandikacho sasa, pamoja na kiburi chake. Nilirudi Kambove mwaka 1986 nikiwa na kamusi, na redio ya mawimbi mafupi, na ugonjwa wa kusahihisha. Mtu akisema muntu, mimi husema mtu. Akisema njo vile, mimi husema ndivyo hivyo. Akisema kintu, namngoja amalize kwa uso wa mwalimu anayengoja mtoto apanguse pua. Walinistahi. Waliniita Mwalimu, cheo ambacho nilikuwa nacho kwa haki, ila walivyokitamka palikuwa na kichembe cha mzaha ambacho sikukisikia, kwa kuwa Kiswahili cha kwetu kina hila zake, na mimi nilikuwa nimeuzoea mno unyofu wa vitabu.

Siwezi, pamoja na haya, kuisifu barza nikainyamazia miaka ya 1992 na 1993. Katika miaka hiyo majirani zetu wenye asili ya Kasai, ambao wengi wao walizaliwa katika kambi hizi hizi kama nilivyozaliwa mimi, walifukuzwa katika nyumba na kazi zao mjini Likasi, mjini Kolwezi, na katika miji mingine ya migodi. Maelfu yao walilala miezi kadhaa kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni za kuwapeleka kwenye mkoa ambao baadhi yao hawakupata kuuona kwa macho. Fitina ile ilikuwa na wakubwa wake na hotuba zake, nazo zimekwisha kuandikwa na wanaostahili kuziandika. Mimi najua kilichotangulia hotuba, yaani mzaha. Utani baina ya makabila ulikuwa chumvi ya barza tangu zama za nkambo: huyu alichekwa kwa ulafi wa samaki, yule kwa kupenda vyeo, na kila aliyechekwa alijua zamu yake ya kucheka inakuja. Kisha neno bilulu, maana yake wadudu, likaingia. Likaingia kwa mlango ule ule wa utani, likavua viatu kama wengine, likapewa kiti.

Nakumbuka jioni niliyolisikia kwa mara ya kwanza. Nilicheka. Kushoto kwangu alikaa fundi umeme mmoja, Mkasai, mwenzangu wa darasa, ambaye hakucheka. Alimaliza maji yaliyokuwamo katika kikombe, akakiweka chini polepole, akaaga kwa majina mmoja mmoja kama ilivyo adabu. Haukupita muda mrefu nyumba yake ikawa na mtu mwingine, na mtu huyo akaja kwenye barza, akakaa pale pale kushoto kwangu, akachukua karanga.

Baada ya hayo nilitia nadhiri, na naona hata leo kwamba nia yangu haikuwa mbaya. Nilisema moyoni: soga ndilo shimo ambamo nyoka hutaga, basi barza yangu, kwa kuwa sasa nyumba ya baba ilikuwa yangu, haitasikia tena porojo, bali habari zilizothibitishwa na mazungumzo yenye manufaa. Redio ikawekwa mahali pa ubao wa dama. Nikawa nawasha idhaa ya Kiswahili ya BBC, na baadaye Radio Okapi iliyoanzishwa mwezi wa Februari 2002, kisha baada ya taarifa nikawaeleza hadhirina yale waliyoyasikia, kana kwamba hawakuyasikia. Waliokuja walipungua. Nilidhani kwamba wapungukao ni wale wapenda upuzi, na kwamba waliobaki ndio watu wa maana. Kumbe waliobaki walikuwa wenye kunidai na wenye kutaka kuandikiwa barua.

Miongoni mwa waliobaki alikuwamo jirani mmoja aliyenizidi umri kwa miaka kama 6, ambaye kwa hiyo nilimwita yaya, kama tumwitavyo kwetu ndugu mkubwa awe mume au mke. Alikuwa amefanya kazi miaka 27 katika kiwanda kinachosaga mawe ya mgodi na kuyatenga na udongo wake, na vumbi la kazi hiyo lilikuwa limempa sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi. Hakuwa na haraka katika jambo lolote. Akikusimulia safari ya Likasi, ambayo kwa gari ni ya muda mfupi tu, usimulizi wake ulikuwa mrefu kuliko safari yenyewe ya kwenda na kurudi, kwa maana alisimama pote gari liliposimama na akapanda upya na kila abiria.

Ilikuwa jioni ya baridi mwezi wa Julai 2003. Nchi nzima ilikuwa ikizungumza juu ya serikali ya mpito, serikali ya rais mmoja na makamu wanne, jambo ambalo halikuwa limewahi kuonekana, na mimi nilikuwa nimejiandaa kueleza. Yaya aliingia amevaa koti, mikono ameikunja kifuani, akaketi, akaulizwa za nyumbani, akajibu ni njema. Kisha akasema:

"Mwalimu, kuku yangu ananikosesha akili. Chakula namupa mie, lakini mayai anaenda kutagia kwa jirani. Sasa mayai ni ya nani?"

Wawili waliokuwapo walifurahi, wakaanza kutoa fatwa. Mmoja akasema mayai humfuata kuku; mwingine akasema humfuata mwenye majani kuku alipolalia. Nikatazama saa. Yaya aliwasikiliza kwa taadhima, akakohoa, akaendelea:

"Na kama chakula kimeisha, mwenye kuku anamuambia kuku aende, ule kuku anaenda na nini?"

Hapo nilishindwa kuvumilia. Nilisema, kwa Kiswahili fasaha kabisa, kwamba ni ajabu kubwa watu wazima kuketi wakihukumu kesi ya kuku ilhali taifa linaamuliwa, na kwamba kama Mwenyezi Mungu ametujaalia kuwa na redio basi tuisikilize, nikageuza kitufe. Sauti ikajaa barzani. Yaya hakununa. Alisikiliza taarifa yote hadi mwisho, majina ya makamu wote wanne, akatikisa kichwa pale palipostahili kutikiswa, kisha akasema, "Aksanti, Mwalimu," akaenda zake.

Mwaka huo ndio mwaka wa mpango wa kuondoka kwa hiari, kama ulivyoitwa, ambao kwa fedha za Benki ya Dunia uliwatoa kazini wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa migodi ya Katanga, kila mmoja akiweka sahihi na kupokea mkupuo wa fedha. Baada ya wiki mbili mke wangu, akitoka bombani, alinieleza kwamba yaya naye ametia mkono. Nikasema mbona hakuniambia, maana hati zile zilikuwa za Kifaransa, na kusoma hati za Kifaransa ndiyo kazi yangu. Mke wangu alitua ndoo kwanza. Akasema kwamba mke wa yaya amemsimulia yote: hati ile alikuwa nayo siku tatu bila kuitia mkono, ameikunja mara nne, na jioni ya kuku ilikuwa katika mfuko wa ndani wa koti.

"Na kuku?" nikauliza.

"Kuku yuko," akasema. "Mweusi. Anataga kwa jirani."

Jambo hili nimeligeuza kichwani mara nyingi kuliko nilivyogeuza kurasa za kamusi yangu, na bado halijatulia. Ziko siku ninazoona kwamba kuku alikuwa fumbo tangu mwanzo, na kwamba yaya, kwa werevu wa wazee wetu, alikuwa akiniuliza swali la sheria kwa lugha ambayo hakuna mtu ambaye angeliweza kumcheka kwayo: aliyelishwa na nyumba moja miaka 27, akaambiwa chakula kimekwisha, anaondoka na haki gani? Ziko siku nyingine ninazojiambia niache ualimu, kuku alikuwa kuku, na yaya alikuwa anampitisha yeye mbele kwa sababu ndivyo ilivyokuwa adabu ya barza, ya mbuzi na baiskeli hutangulia, jambo zito hufuata makaa yakififia. Na mimi sikuyaacha yafifie. Wala sidai kwamba ningalimwokoa. Huenda ningaliisoma hati ile neno kwa neno naye akaitia mkono vivyo hivyo, maana walioweza kuisoma vizuri kuliko mimi waliitia, na mtu ambaye mshahara wake umekuwa hadithi hapewi nafasi kubwa ya kuchagua. Lakini angalikuwa ameisikia ikisomwa, na mtu amekaa karibu naye.

Kilichoniuma zaidi ni jinsi nilivyokuwa nimepima. Baada ya 1993 niliiogopa soga kwa sababu ya neno moja lililopita ndani yake, nikasahau kwamba siku ile nilicheka mimi, haikucheka barza. Na kwamba fundi umeme alipokiweka kikombe chini polepole alikuwa anatusemesha sote, na palikuwa na wakati wa kutosha wa kumjibu. Redio haikuwa na kosa. Iliniambia kweli juu ya Kinshasa. Ila iliziba sauti ya koti.

Yaya hakuja tena kwenye barza yangu miaka saba. Tulisalimiana njiani, tulikutana misibani, tukasaidiana kubeba jeneza mara mbili. Alikuwa mpole kama zamani, na upole huo ndio ulionifungia mlango. Fedha alizopokea zilikwisha jinsi zilivyokwisha za wengi, kwa mashine ya kusaga iliyoharibika na karo za watoto. Kisha akawa analima mahindi ng'ambo ya reli, na wanawe wawili wakaingia katika kuchimba mawe kwa sururu, kama wafanyavyo vijana wengi wa kwetu. Ubao wa dama niliutoa chini ya kitanda ulikokuwa, nikaurudisha mahali pake. Nilijifunza upya kusema njo vile. Wajukuu wa jirani wakaniambia lafudhi yangu inachekesha, nikawaacha wacheke.

Aliyemrudisha hakuwa mimi, alikuwa Kidiaba. Tarehe 14 Desemba 2010 Mazembe walikutana na Internacional ya Brazil huko Abu Dhabi katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, na katika mtaa wetu palikuwa na televisheni moja yenye jenereta, katika nyumba inayotazamana na yangu. Sebule ya nyumba ile ilijaa hadi madirishani. Waliokosa nafasi, wazee hasa, walijikusanya kwenye barza yangu, kutoka ambapo hatukuona kioo bali migongo ya watu, tukawa tunapokea mchezo kwa kelele na kwa kijana mmoja aliyekaa juu ya ukuta akitutafsiria. Katika giza lile, mvua ikinyunya, nikasikia sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi ikiuliza kama kuna nafasi. Tukasogea.

Kabangu alifunga, kisha Kaluyituka akafunga, na kijana wa ukutani alipopiga kelele kwamba kipa Kidiaba amekaa chini anarukaruka kwa matako uwanjani kama mtoto aliyeshindikana, wazee wa miaka 60 na zaidi walijaribu kufanya vivyo hivyo juu ya saruji, wakajuta. Yaya alisema Wabrazili wale wa mwaka 1974 wameipata salamu yao, na kwamba marehemu kapita angalikuwapo angalisema neno moja tu. Tukabishana angalisema neno gani. Siku nne baadaye Inter Milan walitufunga matatu, na kwa kuwa matatu ni idadi tuliyokuwa na kumbukumbu nayo, hilo nalo lilikuwa na maneno yake hadi usiku wa manane.

Tangu hapo huja. Hufika jua linapoinama, akaketi kwenye kiti chenye mguu mfupi, ambacho kwa sababu zake mwenyewe hapendi kibadilishwe. Siku hizi vijana wana simu, na habari za dunia humfikia mjukuu wangu kiganjani kabla sijamaliza kuvaa miwani. Hunisomea, nami hushukuru, kisha humwomba anieleze ni nani aliyempelekea, na kama alimwona akicheka au la alipompelekea. Hunitazama kwa huruma.

Wiki iliyopita, tukiwa sisi wawili tu, kwa kuwa umeme ulikatika na wengine walikuwa wamelala, nilipata ujasiri niliokuwa nautafuta tangu Julai ile. Nilisema: "Yaya, yule kuku mweusi, kesi yake iliishaje?"

Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani hakusikia. Kisha akavuta kiti, akaweka mikono juu ya joto, akaanza mbali kabisa, tangu siku aliyomnunua akiwa kifaranga sokoni Likasi, na gari lililompakia, na abiria mmoja mmoja alivyopanda. Nami nikainuka kidogo, nikaongeza makaa.